Vibao vya Mbwa Mkali

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kiwanja cha karibu na soko la Lindi huwa hakikaliki. Mbwa wanabweka, wenye mbwa wanagombana kuliko mbwa wenyewe, wauza samaki wa kukaanga wanafukuza mikia mezani, na akina mama waliokuja kununua nazi zao tu wanapita wamekunja khanga wakiulizana leo wameingia wapi. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Romana, daktari wa mifugo, amevaa koti la kijani lililochakaa viwikoni na mabuti ya mpira yaliyomzidi namba. Kichwani alijifunga kilemba chekundu kipya, maana alikataa katakata kuonekana kituko kuanzia juu mpaka chini. Sindano ilikuwa mkononi, na subira yake ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Anayefuata! Mshike kichwa, baba, usimshike mkia! Mkia hauumi!"

Aliyefuata alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka mikunjo inakata, kandambili za ngozi miguuni. Mbwa wake alikuwa mkubwa, wa kahawia, sikio moja limechanika. Kijana hakuvuta kamba wala hakupiga kelele. Aliinama akasema polepole, "Bosi, kaa." Mbwa akakaa. "Bosi, tulia." Mbwa akatulia, akachomwa sindano, akamlamba kijana kidole. Foleni nzima ilinyoosha shingo kutazama.

"Umemroga huyu?" Romana aliuliza.

"Sijamroga, dakta. Nimemwomba tu."

"Ungeniombea na hawa wengine."

"Nitalipwa nini?"

"Sindano moja, bure."

Kijana alicheka, meno yakaonekana yote. "Naitwa Clemence. Sindano naiogopa kuliko mbwa. Nipe namba ya simu."

"Namba ya ofisi imeandikwa kwenye bango lile."

"Nimeiona. Ila ofisi haina macho kama hayo."

Romana alijifanya hakusikia, lakini alisikia vizuri sana. Clemence akakunja mikono ya shati lake jeupe, akabaki pale kushika mbwa wa watu mpaka foleni ikaisha na shati likawa halitamaniki. Alipoondoka alikuwa na namba. Romana alijiambia amempa ili aweze kufuatilia hali ya Bosi, na Mungu anajua Bosi alikuwa mzima wa afya.

Simu zikaanza jioni ile ile.

"Dakta."

"Abee."

"Bosi anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Hamu. Anasema hajakuona tangu asubuhi."

"Mpe maji mengi, atapona."

"Na mwenye mbwa je?"

"Mwenye mbwa anywe maji hayo hayo."

Wiki haikupita, Romana alikuwa amekufa ameoza. Ofisini aliandika "Clemence" mahali pa kuandika "chanjo", akafuta, akaandika tena. Mama yake, nyumbani kwao mtaa wa Rasbura, alianza kumuuliza kwa nini siku hizi anapika ugali huku anatabasamu.

Clemence alikuwa mtoto wa kijiji cha Mchinga, nje ya mji. Alikaa Dar es Salaam miaka kadhaa akifanya kazi kwenye ukumbi ambao wenye uwezo hupeleka mbwa wao kucheza. Ndani kulikuwa na feni, ngazi za mbao na vidimbwi vya kuogelea, na wenye mbwa walikaa pembeni wakinywa kahawa yao. Mbwa wote pale walikuwa wakimjua yeye. Mama yake alipofariki akarudi kuangalia shamba la mikorosho alilomwachia, lakini moyo wake ulibaki kwenye ule ukumbi. Siku moja akampeleka Romana kwenye ghala kuukuu la korosho lililokuwa linapangishwa nyuma ya soko. Bati lilikuwa zima, sakafu nzima, na harufu ya magunia bado imo.

"Hapa watacheza mbwa wakubwa," alisema, akitembea mikono imefunguka. "Pale wadogo. Huku kibarazani wenye mbwa wanakaa na juisi ya ukwaju. Ndani hakuna jua, hakuna mvua, hakuna kupe, na hakuna mbwa wa kujisugua kwa mtu anayekwenda kuswali. Gesi ikija Lindi na mitambo yake, Wazungu watajaa, na wale wenzetu hawatembei bila mbwa."

"Gesi ikija," Romana alirudia. Kila mtu wa pwani ile alikuwa na jambo lake linalosubiri gesi.

"Na kabla haijaja, mbwa wapo! Nimezunguka mtaa kwa mtaa, nimehesabu mageti. Kila geti la pili lina kibao, MBWA MKALI. Wamefungiwa tu, mpenzi, hawana pa kwenda."

"Mtaji utatoka wapi?"

"Shamba."

"Shamba la marehemu mama?"

"Mjomba akikubali."

Kwao Clemence ardhi iliyotoka kwa mama haiuzwi bila neno la mjomba. Unaweza kuwa na ndevu na digrii, bila mjomba hujauza hata mche mmoja. Romana alilijua hilo, akapumua kidogo.

Clemence akamshika mikono yote miwili. "Ila sianzi kabla wewe hujasema. Wewe ndiye unayewajua mbwa wa mji huu. Chunguza, uniambie, itasimama au haitasimama. Na siku nitakayofungua milango hii, siku hiyo hiyo wajomba zangu watakuwa sebuleni kwa baba yako. Sitaki waende wakaseme mpwa wetu kazi yake kushika mbwa wa watu."

Romana aliambiwa mambo mawili kwa pamoja, na lile la pili lilipiga kelele moyoni mwake mpaka la kwanza likawa halisikiki.

Alianza kuchunguza kwa kisingizio cha kufuatilia chanjo. Geti la kwanza lilikuwa la bluu, kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu, na chini yake kimechorwa kichwa chenye meno mengi kupita kawaida. Mama Antonia, mwenye nyumba, alifungua mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumwona mbwa."

"Marahaba. Mbwa gani, mwanangu?"

"Huyu mkali wa kwenye kibao."

Mama Antonia alicheka mpaka akalishika geti asianguke. "Mbwa anakula, mwanangu! Kibao hakili. Tangu nimekipigilia hajaingia mwizi hata mmoja."

Geti la pili, kibao bila mbwa. La tatu, mbwa alikufa zamani, kibao kikabaki kinaendelea na kazi yake. Na pale alipokuwepo mbwa, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Valerian, fundi wa magari, alikuwa na dume jeusi limefungwa mnyororo chini ya mwarobaini. Romana alimuuliza kama angempeleka mahali akacheze na wenzake.

"Acheze?" Valerian aliweka spana chini. "Dakta, huyu namfunga mchana kutwa ili usiku awe na hasira. Ukimfundisha kucheza, mwizi akiingia si atampelekea mpira?"

Wageni wa gesi ambao Clemence aliwategemea walikuwa wachache, wanalala hotelini, wanaondoka baada ya wiki chache, na mbwa wao wamebaki kwao Ulaya. Mwisho alipita kwa Mzee Yassin, jirani wa lile ghala, aliyekuwa anapiga pasi kanzu yake ya Ijumaa.

"Mimi mbwa simchukii, binti yangu," mzee alisema. "Mbwa mkavu na apite zake. Ila akitoka humo amelowa, akanigusa kanzu naelekea msikitini, inabidi nirudi kujitoharisha, na swala ya jamaa imenipita. Huyo kijana ana adabu, salamu yake haijawahi kunipita. Sitamkataza. Ninachouliza ni hao mbwa watapitia mlango gani, basi."

Romana alirudi ofisini akakaa, hata kilemba hakuvua. Alijua biashara ile haitasimama, alijua namna anavyojua mnyama asiyepona akimwangalia machoni tu. Mji haukuwa na mbwa wa kutosha, na wale waliokuwepo walifugwa kwa ajili ya ukali. Mtu gani atoe hela yake ili ukali huo umwishe mbwa wake?

Jioni simu ikaita.

"Dakta wangu, niambie. Umezunguka?"

"Nimezunguka. Clemence, nimepita kwenye yale mageti..."

"Enhe?"

Akanyamaza. Clemence naye akanyamaza upande wa pili, kimya kirefu, anasubiri. Romana aliiona sebule ya baba yake, wajomba wamepanga mstari kwenye makochi, mama yake anapita na sinia la vikombe. Akaiona sebule hiyo hiyo tupu.

"Tuone kwanza," alisema.

"Tuone ndiyo, au tuone hapana?"

"Tuone tu."

"Romana, ukisema haifai, naacha leo hii. Naapa."

Alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, fupi, halina gharama. Likakataa kutoka. "Mimi niko na wewe," akasema.

Ilikuwa kweli, lakini haikuwa ile kweli aliyoulizwa. Alipokata simu alijiona mnafiki mkubwa kuliko wote wa mkoa ule.

Kila asubuhi aliamka amekata shauri kusema, na kila jioni alilala hajasema. Clemence alimtumia picha za mafundi wakipaka rangi, naye akajiambia hiyo hela ni ya akiba. "Umeona feni, laazizi?" Ameona. "Unapenda?" Anapenda. Angesema nini? Alipoona hawezi kumwambia yeye, akaona aende kwa mwenye neno. Alifunga safari mpaka Mchinga, kwa Mjomba Cletus, mzee mfupi mwenye shati la kitenge na sauti ya taratibu, akamkuta uani anachambua korosho.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe! Karibu, karibu. Mbona ghafla?"

"Nimekuja kukuomba kitu. Usikubali shamba la marehemu liuzwe."

Mjomba Cletus aliacha kuchambua. "Limeshauzwa, mama. Benjamini, mfanyabiashara mmoja wa mjini, amelichukua wiki mbili zilizopita."

Romana alikaa chini, kwenye mchanga, na gauni lake safi. "Kwa nini ulikubali?"

"Nilikataa. Clemence akaja tena, nikakataa tena. Mambo ya watu kulipa ili mbwa wacheze sikuyaelewa hata kidogo. Ndipo akaniambia, mjomba, dakta mwenyewe amechunguza na yuko na mimi." Mzee akamtazama. "Mimi mkulima, nitabishana na daktari juu ya mbwa? Nikatoa neno langu kwa sababu yako. Kwani si kweli?"

Romana akaanza kulia. Mjomba Cletus akawa amejibiwa.

"Basi mimi na wewe tumemponza mtoto wa dada yangu," alisema. "Na kwa baba yako tumeshatuma salamu kwamba siku ya kufungua tunakuja. Salamu ya posa ikishatumwa hairudi. Tutakuja hivyo hivyo."

Alirudi mjini hajui aanzie wapi. Hela ilikuwa imeshageuka rangi, mbao na feni. Kusema sasa kungemwokoa nani?

Siku ya kufungua, Clemence alivaa suti ya bluu mpauko na viatu vilivyong'aa mpaka unaweza kujitazama. Romana alikuja na gauni la kitenge la rangi ya chungwa, mabega yamenyanyuka, hereni ndefu. Mtu asiyejua angedhani ndiye bibi harusi. Na watu walikuja, tena wengi. Wakaingia akina mama, waendesha bodaboda, wanafunzi, hata Mama Antonia na khanga mpya. Walijaa kibarazani, wakasifu feni, wakanywa juisi ya ukwaju ya bure. Halafu wakaanza kuulizana.

"Mbwa wenyewe wako wapi?"

"Wewe wa kwako umemleta?"

"Mimi? Mimi nimekuja kuwaona wa wenzangu."

Kila mtu alikuwa amekuja kuwaona wa wenzake. Mbwa aliyekuwepo ni Bosi peke yake. Alipanda ngazi za mbao, akashuka, akapigiwa makofi, akapanda tena. Baadaye akachoka, akalala chini ya feni. Watu wakaaga mmoja mmoja kwa adabu, hongera kaka, hongera sana, Mungu akubariki. Adhana ya alasiri ilipolia, ukumbi ulikuwa na watu wawili.

Clemence alikaa kwenye ngazi ya mbwa, suti imejaa vumbi. "Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu geti la kwanza."

"Na ukaniambia uko na mimi."

"Nilikuwa na wewe! Bado niko." Sauti ilimkatika. "Uliniambia ukifungua unaposa. Ningesema hapana, ningekuwa nimekataa nini, ukumbi au ndoa? Nilikutaka, Clemence. Nilikutaka mpaka nikashindwa kusema, na shamba la mama yako likaenda. Nitukane basi, usininyamazie."

Hakumtukana. Alifuta uso kwa kiganja, akaangalia ukuta uliopakwa rangi mpya.

"Mimi pia nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilipokuwa nahesabu vile vibao, niligonga mageti mawili matatu. Hapakuwa na mbwa. Nikaacha kugonga, nikaendelea kuhesabu vibao. Vibao vilikuwa vingi, vinatia moyo."

"Sasa mimi ulinituma nini?"

"Uniambie hapana." Alicheka kicheko kibaya. "Nilishatangaza kila mahali, kwa mjomba, kwa mafundi, kwa wenzangu wa Dar. Kurudi nyuma peke yangu niliona aibu. Nikasema dakta akikataa, naacha, na nitapata wa kumsingizia. Siku ile uliponyamaza kwenye simu nilikuwa naomba Mungu useme. Ukasema uko na mimi. Nikajua huyu mwanamke ameniamini, siwezi kumwangusha. Nikauza."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wazima wawili, wanapendana, kila mmoja ana neno la kumwokoa mwenzake na kila mmoja anangoja mwenzake alitoe. Ungewashika uwagonganishe vichwa, kama wasingekuwa wanalia.

Simu ya Romana ikaita. Ilikuwa mama yake. Akaibonyeza, sauti ikatoka nje.

"Romana, wageni wamefika. Wamevaa makoti jua lote hili. Baba yako ananituma nikuulize, unawafahamu?"

Nyumbani kwao binti anayeposwa huulizwa hivyo tu. Akisema anawafahamu, mazungumzo yanaanza. Akisema hapana, wageni wanakunywa chai na kuaga. Clemence alitikisa kichwa, macho mekundu.

"Sema huwafahamu," alinong'ona. "Sina shamba, sina kazi. Usijifunge na mimi, tafadhali."

Romana alivuta pumzi. "Nawafahamu, Mama. Lakini mwambie Baba ukweli. Kijana hana kitu. Alikuwa na shamba, limeuzwa, na biashara imekufa leo leo. Mimi nilijua itakufa, nikanyamaza kwa sababu nataka kuolewa naye. Bado nataka."

Upande wa pili palisikika kijiko kikigonga kikombe, basi.

"Mama?"

"Nipo. Simu nilikuwa nimeiweka wote wasikie."

Ikaja sauti ya Mzee Alfonsi, baba yake, nzito, haina hata hasira. "Wanywe chai, waende."

Kisha sauti ya taratibu ya Mjomba Cletus. "Chai tutakunywa, mzee mwenzangu, na tunashukuru. Kuondoka ndiyo hatuwezi. Alichosema binti ni kweli, na neno la kuuza nilitoa mimi. Tutakaa hapa mpaka utupe jibu, zuri au baya, lakini utupe ukiwa umetuangalia."

Baada ya muda mama alirudi kwenye simu, amepunguza sauti. Bila shaka alikuwa amekimbilia jikoni.

"Wamekaa. Hawanyanyuki. Baba yako amegeukia dirishani, hasemi. Sijui itakuwaje, mwanangu, hapa mimi sina uwezo. Na sukari imekwisha. Njooni wote wawili, mje na sukari."

Simu ikakatika. Clemence alisimama, akajikung'uta suti, vumbi likahamia sehemu nyingine.

"Nikaseme nini mbele ya baba yako?"

"Haya haya uliyoniambia mimi."

"Atanifukuza."

Romana alitamani kumwambia hapana, hatakufukuza. Alitamani kweli kweli. "Huenda akakufukuza," alisema. "Mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo."

Walifunga milango ya ukumbi, wakashika njia ya Rasbura kwa miguu, watu wakiwapungia mkono na kuwapa hongera. Dukani waliomba kilo mbili. Clemence aligusa mfuko wa suti kwa mazoea, kisha akauacha mkono ukashuka. Romana akalipa, na Clemence akabeba sukari.